Simu ya shilingi 450,000 katika msimu wa korosho: tathmini, pamoja na madai kwa simu ijayo

Simu ninayoitathmini hapa ni simu janja ya bei ya kati, yenye laini mbili, betri ya mAh 5,000, kioo cha inchi 6.7 na hifadhi ya GB 128, niliyoinunua katika duka mojawapo la Mtwara mjini kwa shilingi 450,000. Kampuni iliyoitengeneza sitaitaja, kwa kuwa kasoro nyingi nitakazozieleza nimezikuta pia katika simu za makarani wenzangu, ambazo ni za kampuni tofauti, na isingekuwa haki kumbebesha mmoja mzigo wa wote. Nimeitumia kazini, yaani katika ghala la Chama cha Msingi cha Ushirika upande wa Newala, na nimeipima kwa kazi hiyo: kupiga picha stakabadhi, kusoma matokeo ya mnada, kupokea na kutuma fedha, na kupatikana hewani tangu mzani wa kwanza wa asubuhi hadi lori la mwisho lipakiwe usiku.

Bei yake inahitaji kuwekwa katika kipimo tunachokielewa. Katika mnada wa kwanza wa msimu wa 2024/25, korosho ghafi ziliuzwa kwa zaidi ya shilingi 4,000 kwa kilo. Kwa bei hiyo nzuri, tena kabla ya makato yoyote, simu hii inakaribia kilo 110 za korosho, na ukirudi kwenye misimu ambayo bei iliporomoka, idadi ya kilo inaongezeka sana. Mtu aliyepalilia, aliyepulizia dawa, aliyeokota na kuanika kilo zote hizo ana haki ya kuuliza kama kifaa alichonunua kilibuniwa na mtu aliyewahi kumfikiria. Jibu langu, baada ya kuitumia kwa msimu mzima, ni kwamba alifikiriwa kidogo tu, na zaidi kama mpiga picha kuliko kama mfanyakazi.

Nianze na betri, maana ndiyo inayozungumzwa ghalani kuliko kitu kingine chochote. Simu ilipokuwa mpya, chaji ilitosha siku nzima ya kazi na kubakiza akiba hadi kesho yake asubuhi. Msimu ulipofika katikati, alasiri tu ilikuwa ikidai kuchomekwa. Sababu yake inajulikana. Betri za lithiamu huchakaa kwa joto, na baadhi ya watengenezaji wakubwa wa simu wenyewe hushauri kifaa kitumike mahali ambapo joto la hewa halizidi nyuzi 35. Chini ya bati la ghala mwezi Novemba kiwango hicho hupitwa kabla ya adhuhuri, na simu iliyo mfukoni mwa mtu anayehesabu magunia hubeba joto la hewa, joto la mwili wake na joto la kazi yake yenyewe. Ukiichaji katika hali hiyo kwa sababu umeme umerudi sasa hivi na huna hakika utakaa hadi lini, unazidi kuiharibu. Gesi ya Mnazi Bay imekuwa ikisafirishwa kwa bomba kwenda Dar es Salaam tangu 2015, lakini sisi tulioketi jirani na kisima bado tunapanga saa za kuchaji kana kwamba tunavizia mvua, na kwa hiyo ushauri wa kuchaji taratibu usiku mahali penye ubaridi, ingawa ni sahihi, hautekelezeki kila siku.

Betri ikichoka, hatua inayofuata ni fundi, na hapo ndipo ubunifu wa simu hii unapoudhi zaidi. Mfuniko wa nyuma umegundishwa kwa gundi. Fundi wangu wa Chikongola, kijana makini ambaye huwaeleza wateja wake kila anachofanya, hulazimika kuupasha moto ili gundi ilegee, kisha kuupenyezea kipande chembamba cha plastiki pole pole huku akiomba kioo cha mbele kisipasuke. Kazi hiyo anaitoza fedha, na ni halali yake. Betri anayoiweka humo haina historia: hakuna anayeweza kusema ilitengenezwa lini, ilikaa wapi, wala kama uwezo ulioandikwa juu yake ni wa kweli. Baada ya hapo mfuniko hubandikwa tena, na kinga yoyote ya vumbi na maji iliyokuwapo mwanzoni imekwisha.

Simu zetu za kitochi hazikuwa hivyo. Nokia 1100 iliyotoka mwaka 2003, ambayo ilipata kuuzwa kwa mamia ya mamilioni duniani, ilifunguliwa kwa kidole gumba, ilikuwa na tochi, na vitufe vyake vilifunikwa kwa mpira mmoja uliozuia vumbi. Watu wa vijijini waliweza kuwa na betri mbili, moja ikiwa ndani ya simu na nyingine ikichajiwa kwa jirani mwenye sola. Ninaposema kwamba simu ijayo iwe na betri ya kutoa na kurudisha, sidai ndoto. Ninadai kurudishiwa kilichoondolewa.

Na dai hilo si la Mtwara peke yake. Umoja wa Ulaya umepitisha kanuni inayotaka kuanzia tarehe 18 Februari 2027 betri za vifaa vya kubebeka ziweze kutolewa na mtumiaji mwenyewe kwa zana za kawaida, ingawa umeacha nafuu kwa simu zenye betri za kudumu sana na zisizoingiza maji. Kanuni nyingine ya huko, iliyoanza kutumika tarehe 20 Juni 2025, inataka betri ya simu ibaki na angalau asilimia 80 ya uwezo wake baada ya kuchajiwa mizunguko 800, na vipuri vikuu viendelee kupatikana kwa miaka 7 baada ya simu kuacha kuuzwa. Ninayafuatilia mambo hayo kwa maslahi yetu wenyewe, kwa kuwa kiwanda hakipendi kutengeneza maumbo mawili ya kitu kimoja. Tundu la chaji la aina ya USB-C, ambalo Ulaya ililifanya la lazima kwa simu mpya kuanzia tarehe 28 Desemba 2024, leo limo hata katika simu nyingi za bei ya chini zinazouzwa katika maduka ya Masasi. Hofu yangu ni moja tu: kwamba simu za Ulaya zitapewa mfuniko unaofunguka, nasi tutaendelea kuletewa zile za gundi hadi zitakapokwisha ghalani kwao.

Lipo pia dai dogo la umeme wa jua. Vijiji vingi vya Tandahimba na Newala hutegemea paneli ndogo za nyumbani. Simu hii, wingu likipita na nguvu ya umeme ikishuka, huacha kuchaji, hulia, huwasha kioo, kisha huanza upya jua likirudi, na katika siku yenye mawingu ya kupishana kioo hicho huwaka na kuzima mara nyingi kiasi cha kula sehemu ya kile kilichoingia. Simu ijayo ipokee umeme mdogo kwa utulivu, bila kutangaza. Hilo nadhani ni la programu tu, wala halihitaji kifaa kipya.

Nije kwenye vumbi. Watu wa mikoa mingine hudhani vumbi ni la barabarani, lakini kwa mkulima wa korosho lipo vumbi la aina nyingine, yaani salfa ya unga inayopulizwa kwenye mikorosho kuanzia mwezi wa sita hivi dhidi ya ubwiriunga, ugonjwa unaoshambulia majani machanga na maua. Wataalamu wa kituo cha utafiti cha TARI Naliendele wamefundisha kwa miaka mingi namna ya kuipuliza alfajiri, wakati upepo umetulia na majani yana umande, na wakulima hufanya hivyo. Hata hivyo unga hubaki kwenye nguo, mikononi na mifukoni, na kutoka mfukoni huingia kwenye tundu la chaji. Salfa hushambulia shaba na kuitia weusi, hasa penye unyevu, na unyevu wa pwani yetu hauna haja ya kuelezwa. Simu yangu ilianza kukataa waya usipolazwa upande mmoja. Fundi aliposafisha tundu kwa brashi na spiriti, ilirudi kuchaji kama kawaida, akanionyesha kwenye karatasi nyeupe kile alichokitoa: nyuzinyuzi za mfukoni zilizoshikana na unga wa manjano.

Mtengenezaji ameandika kwenye boksi kwamba simu hii ina kinga ya kiwango cha IP54. Tarakimu ya kwanza ni ya vumbi na ya pili ni ya maji. 5 ina maana kwamba vumbi kiasi linaweza kuingia bila kuzuia simu kufanya kazi, na 4 ina maana kwamba inavumilia maji ya kurushwa kutoka upande wowote. Kiwango cha juu kinachotangazwa sana, IP68, huzuia vumbi kabisa na huvumilia kuzama, lakini vipimo vyake hufanywa kwa maji baridi yasiyo na chumvi. Anayevuka kwenda Msangamkuu na anayerudi na samaki feri wanakutana na maji ya chumvi, ambayo huendelea kula madini hata baada ya kukauka. Sijaona kampuni yoyote kubwa ikiahidi waziwazi kwamba simu yake ya kawaida itavumilia bahari. Ningependa simu ijayo iwe na kizibo cha mpira kwenye tundu la chaji, kama zilivyo zile simu ngumu za wafanyakazi wa migodini, na iweze kuchajiwa bila waya ili kizibo kisifunguliwe ovyo. Kuchaji bila waya kumekuwapo kwa zaidi ya miaka kumi katika simu za bei kubwa. Sioni kwa nini kukae huko juu milele, wakati anayekuhitaji zaidi ni mtu mwenye mikono ya salfa.

Kioo chake ni kizuri ndani ya nyumba na ni duni juani. Mwangaza wa vioo hupimwa kwa niti. Cha simu hii kimeandikwa niti 500, na kwa saa sita mchana uwanjani mbele ya mzani hakifai, hulazimika mtu kukikinga kwa kiganja au kuingia chini ya mwembe ili asome uzito alioutuma. Simu za gharama hupita niti 1,000 kwa mbali. Hapa sina mengi ya kusema zaidi ya kwamba ningekubali kioo kidogo zaidi chenye mwanga mkali kuliko hiki kipana kisichosomeka.

Kuhusu mtandao, sifa zitangulie. Laini mbili zinafanya kazi vizuri, na yeyote anayeishi huku anajua kwamba laini mbili si anasa, kwa kuwa kijiji kimoja kina mnara wa kampuni hii na kijiji cha pili kina mnara wa kampuni ile. Sauti ya mazungumzo ni safi. Kasi ya intaneti mjini Mtwara inatosha kwa kila nilichohitaji.

Tatizo huanza unapoelekea mtoni. Kwenye miteremko ya Newala inayotazama bonde la Ruvuma, na vivyo hivyo Nanyumbu upande wa Mtambaswala, lilipo Daraja la Umoja, simu hukamata minara ya Msumbiji. Ikiikamata, mambo mawili hutokea: gharama za kuwa nje ya nchi zinaweza kuanza ilhali umekaa kwenye kiti chako, na saa ya simu hurudi nyuma kwa saa moja, kwa sababu Msumbiji iko saa moja nyuma yetu. Nimeshuhudia dereva wa lori akichelewa kwa kuamini saa ya simu yake. Upo mpangilio wa kuchagua mtandao kwa mkono, ila umefichwa katika menyu ya ndani kabisa, na ukishauweka simu haitafuti tena mnara mwingine ukirudi mjini hadi uondoe. Dai langu ni rahisi kueleza: simu ijue kwamba mwenye laini ya Tanzania aliyesimama upande wa Tanzania hataki kuhudumiwa na mnara wa ng'ambo bila kuulizwa. Kifaa hicho hicho kina GPS inayoweza kuonyesha nimesimama upande gani wa mto. Kwa nini sehemu hizo mbili hazizungumzi, sijui mhandisi gani ataeleza.

Penye mtandao hafifu kuna gharama nyingine isiyoonekana. Simu isiyopata mnara huongeza nguvu ya kutafuta, na betri huisha hata kama haijaguswa. Simu ijayo ingeweza kujifunza njia ya mtu: kama kila jioni anapita katika bonde lisilo na mnara, itafute mara chache na kwa utulivu hadi atoke upande wa pili. Minara yenyewe inaongezeka. Mwaka 2023 serikali, kupitia Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, ilisaini mikataba na kampuni za simu ya kujenga minara 758 vijijini nchi nzima. Lakini mabonde hayataisha.

Mei 2024 ilitufundisha jambo kuhusu kukatika. Mwanzoni mwa mwezi huo kimbunga Hidaya kilileta mvua kubwa iliyokata barabara ya Lindi kwenda Dar es Salaam katika maeneo ya Kilwa, na tarehe 12 nyaya za intaneti zilizopita chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika, huduma zikayumba nchini na katika nchi jirani. Ndani ya siku chache tu, njia ya magari na njia ya intaneti zote zilikuwa zimeguswa. Aliyekuwa na programu za kisasa alibaki akitazama alama ya kuzunguka, na aliyetumia menyu ya nyota na reli pamoja na ujumbe mfupi wa kawaida alikuwa na nafasi nzuri zaidi ya kuendelea na shughuli zake, kwa sababu hivyo havihitaji intaneti ya kuvuka bahari. Kwa hiyo simu ijayo, pamoja na mbwembwe zake zote, isiiue menyu ya nyota na reli wala kuifanya ya pembeni. Katika simu hii ujumbe wa menyu hufutika kioo kikizima, na ukiwa katikati ya muamala unaanza upya.

Mawasiliano ya satelaiti ndiyo matakwa ninayoyasikia zaidi kwa wavuvi. Mwaka 2022 simu za kawaida zilianza kuweza kutuma ujumbe wa dharura kwa satelaiti: iPhone 14 ilianza na watumiaji wa Marekani na Kanada, na Huawei ilikuwa na simu yake kwa soko la China. Wavuvi wa Msimbati na wa visiwa vya Kilwa, ambao huenda mbali kuliko mnara unavyofika, hawahitaji kutazama video baharini. Wanahitaji kutuma maneno kumi na mahali walipo injini ikizima. Ningetoa kamera mbili kati ya tatu za simu hii kwa ajili ya huduma hiyo, na kamera yenyewe ya tatu, ile ya kupiga vitu vya karibu, sijui iliwekwa kwa ajili ya nani.

Sasa fedha, ambazo ndizo zinazoifanya simu iwe pochi. M-Pesa ilianza nchini mwaka 2008, na leo mkulima hupata ujumbe wa malipo, hulipa ada, hutuma kwa mama mzazi na hununua umeme kwa kifaa kimoja. Kila mtu huku ameshapokea ule ujumbe wa «ile hela nitumie kwenye namba hii», na hupokewa zaidi msimu wa malipo, kwa sababu matapeli nao husoma habari za minada. Simu yangu ina kichujio cha ujumbe wa kitapeli, nacho kimeukamata ujumbe wa Kiingereza wa bahati nasibu na kuupitisha huu wa Kiswahili bila wasiwasi wowote. Kichujio cha namna hii ni nusu ya kazi. Simu ijayo ijue Kiswahili cha matapeli vizuri kama inavyojua Kiingereza chao, na itofautishe kwa rangi au alama isiyoigika ujumbe uliotoka kweli kwa mtoa huduma na ule ulioandikwa na mtu kwa namba yake binafsi.

Hapo hapo kwenye fedha kuna suala la kuazimana. Wabunifu wa simu huiona simu kama mali ya mtu mmoja, ilhali huku simu huazimwa. Jirani anaomba kupiga, mtoto anataka katuni, shemeji amekuja na laini yake mkononi akitaka aiweke mara moja aone kama hela imeingia. Kukataa ni utovu wa adabu, na kukubali ni kumkabidhi mtu salio, picha na mazungumzo yako. Mfumo wa Android umekuwa na akaunti ya mgeni na uwezo wa kubana kioo kwenye programu moja tangu mwaka 2014, lakini katika simu hii akaunti ya mgeni imeondolewa, na kubana kioo kumefichwa mahali ambapo nilielekezwa na mwanafunzi. Ninachokitaka ni kitufe kimoja cha kuazima: nikikibonyeza, anayeshika simu apige, apokee na asome ujumbe wa laini yake tu, na vyangu vyote visionekane, pasipo yeye kuhisi kwamba nimemfungia mlango. Sehemu hiyo ya mwisho ni muhimu kama zile za kwanza.

Katika ghala letu kuna mama mmoja mtu mzima ambaye huja na simu yake kila ukitangazwa mnada. «Mwanangu, hebu nitazamie, wameandika nini?» Namsomea, nasema, «Bado, mama, hii ni ya vifurushi.» Ujumbe wa kampuni za simu wenyewe humfikia kwa wingi kiasi kwamba ule wa benki hauoni. Google iliongeza kuandika kwa sauti ya Kiswahili mwaka 2017, na katika simu hii huduma hiyo inafanya kazi kwa kiwango kinachonishangaza, nikizungumza polepole. Ila mama huyu hahitaji kuandika. Anahitaji kusomewa, kwa sauti inayotamka tarakimu za fedha kama tunavyozitaja sisi, na kwa faragha, maana si kila kiasi ni cha kusikika na foleni nzima. Nikiongeza kwamba yeye na wenzake hufikiri kwanza kwa Kimakonde, na wengine kwa Kimwera au Kiyao, najua nimeingia katika eneo ambalo kampuni za Shenzhen na California hazitalikimbilia kesho.

Redio ipo, na nimeifurahia kuliko nilivyotarajia. Mechi ya Namungo ikichezwa Ruangwa, ghala zima husikiliza bila kutumia bando. Masikitiko ni kwamba redio hiyo hutumia waya wa spika za masikioni kama antena, na toleo jipya la simu hii hii, ambalo nimeliona dukani, limeondoa tundu la waya huo. Kwa hiyo redio nayo imeondoka, na bei imepanda.

Masasisho ya programu ni udhaifu usioonekana siku ya kununua. Google kwa Pixel 8 mwaka 2023 na Samsung kwa Galaxy S24 mwaka 2024 ziliahidi miaka 7 ya masasisho. Simu hii imeahidiwa masasisho ya usalama kwa miaka 2, na kifaa kinachobeba fedha za watu hakistahili muda huo. Hifadhi ya GB 128 haifiki GB 100 za kutumia, kwa kuwa imejazwa programu nisizoziomba, baadhi yake zikileta matangazo hata kwenye kioo kilichofungwa. Nyingi huwezi kuzifuta, unazizima tu.

Kamera kuu inatosha kabisa. Inasoma stakabadhi zilizokunjamana, na nyuso zetu haizigeuzi kuwa vivuli jioni, jambo ambalo watengenezaji wanaolenga soko la Afrika wamelifanyia kazi kwa bidii na wanastahili pongezi. Simu za kukunja, kamera za mamia ya megapikseli na kioo kilichopinda pembeni sijaviorodhesha popote katika madai yangu, na katika mazungumzo ya ghalani sikumbuki mtu aliyevitaja, isipokuwa kijana mmoja anayesoma chuo ambaye alitaka vyote.

Je, ningeinunua simu hii leo kama ningekuwa sina? Kwa karani au wakala anayefanya kazi mjini, chini ya paa lenye feni na karibu na soketi, ndiyo. Kwa bei hiyo sijaona inayoishinda kwa sauti, kamera na laini mbili. Kwa mkulima anayepuliza dawa mwenyewe na kwa mvuvi, ningemshauri agawe fedha hiyo: simu ya kitochi mpya ya kubeba shambani au baharini yenye laini ya fedha, na simu janja ya bei nafuu zaidi inayobaki nyumbani kwenye mfuko mkavu. Anayeamua kuichukua hii achague toleo la zamani lenye tundu la spika za masikioni kama bado lipo dukani, anunue na kizibo cha mpira cha tundu la chaji, ambacho huuzwa kwa bei ndogo, na kabla ya kulipa abonyeze *#06# alinganishe namba ya IMEI, yaani namba ya utambulisho wa simu, inayotokea na ile ya kwenye boksi. Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, iliwahi kuzima simu bandia nchi nzima mwezi Juni 2016, na muuzaji mwaminifu hakasiriki ukiikagua mbele yake. Risiti iandikwe namba hiyo, isiandikwe jina la simu peke yake.